Kunakili CD Isiyo na Ndugu

Mama mmoja wa kwaya, mkaaji wa Katuba hapa Lubumbashi, alinitolea CD kutoka mkobani ikiwa imefungwa kwenye kipande cha kitenge, kama mtu abebavyo yai. Haikuwa na kasha. Juu yake mtu alikuwa ameandika jina la kwaya kwa kalamu nene, na chini ya jina, "Volume 1". "Ilibakiaka hii moya tu, mutoto yangu," aliniambia. "Zile zingine bantu balibebaka." Zilikuwamo nyimbo nane. Kwenye wimbo wa tatu, pale sauti ya pili inapoingia, spika ilitoa mlio: tak, tak, tak, kisha wimbo ukaendelea.

Miongozo mingi ya kunakili CD imeandikwa kwa mtu mwenye albamu iliyouzwa kwa maelfu. Mtu huyo akimaliza kunakili, programu yake huuliza hifadhi ya intaneti: je, wengine wenye CD kama hii walipata namba hizi hizi? Jibu likiwa ndiyo, kazi imekwisha. CD ya mama wa Katuba haina ndugu wa kuulizwa. Kwaya ilirekodi kwenye studio ya mtaani, ikachomewa nakala chache kwenye kompyuta, zikauzwa nje ya kanisa baada ya misa, basi. Hapa Lubumbashi muziki mwingi uko katika hali hiyo: kwaya, vikundi vya maigizo, muziki wa karindula wa kwenye matanga, harusi za wazee. Kwa hiyo ninaeleza namna ya kuitoa sauti yote iliyomo katika CD ya namna hiyo, na zaidi namna ya kujua kwamba kweli umeitoa, wakati huna wa kukuthibitishia.

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: kwa nini nisiburute nyimbo kutoka CD hadi kwenye kompyuta kama ninavyofanya na picha? Sababu ni umri wa CD. Kanuni zake ziliandikwa na Philips na Sony mwaka 1980, na ikaingia sokoni mwaka 1982, ikiwa imekusudiwa redio ya sebuleni tu. Sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kikiwa na biti 16, kushoto na kulia. Vipimo hivyo hupangwa katika vipande 75 kwa kila sekunde, na kila kipande kina baiti 2,352. Kwenye CD ya mafaili ya kompyuta, baiti 2,048 tu za kipande ndizo mzigo wenyewe. Sehemu kubwa ya zilizobaki ni akiba ya kusahihisha makosa. Kwenye CD ya muziki akiba hiyo haipo. Baiti zote ni muziki.

Ulinzi wa awali upo, nao ni wa hesabu madhubuti: doa linalofunika kama milimita mbili na nusu za njia ya data linaweza kurekebishwa bila kupoteza hata kipimo kimoja. Lakini ulinzi huo ukizidiwa, kifaa kinachosoma hakisemi kwamba kimeshindwa. Kinakisia. Kinatazama kipimo cha kabla na cha baada, kinajaza pengo kwa kitu cha kati na kati. Sikio mara nyingi halitambui, na kwa redio ya gari kwenye barabara ya Likasi hilo ni jambo jema. Kwa mtu anayetaka kuhifadhi sauti ya watu ambao wengine wamekwisha kufariki, kukisia kimyakimya ndiko adui.

Kabla ya chochote, ijue CD yako ni ya aina gani. Iweke kwenye kompyuta. Ukiona mafaili yenye majina yanayoishia na MP3, hiyo si CD ya muziki kwa maana ninayoieleza. Ni kama kapu la mafaili. Yanakili tu kama mafaili, na usiyageuze kuwa kitu kingine. CD nyingi za mkusanyiko zilizouzwa mezani, zile zenye nyimbo mia na zaidi, ni za aina hiyo.

Ikiwa ni CD ya muziki, igeuze uitazame kwenye mwanga wa dirisha. Iking'aa fedha tupu, imechapwa kiwandani. Ukiona rangi ya kijani, ya bluu au ya zambarau kwa mbali, imechomwa kwenye kompyuta, au kama tunavyosema hapa, imegraviwa. Ile ya kiwandani data yake imegandamizwa kwenye plastiki kwa umbo. Ile ya kuchomwa data yake ni rangi, na rangi hupauka. Jua na joto vinaimaliza. CD iliyochomwa ikakaa miaka kumi juu ya dashibodi au karibu na dirisha iko hatarini leo. Kwa hiyo mpangilio wangu wa kazi ni huu: CD zilizochomwa kwanza, zote, hata zile usizozipenda sana. Za kiwandani zinaweza kungoja.

Tuje kwenye kusafisha, na hapa Lubumbashi kusafisha si jambo dogo. Kuanzia Mei hadi Septemba vumbi jekundu linaingia hata kwenye kabati lililofungwa, nalo lina chembe ngumu. Ukifuta CD ikiwa kavu unaikwaruza kwa vumbi lenyewe. Pitisha maji kwanza, ya uvuguvugu, uache chembe zitiririke. Weka tone la sabuni ya vyombo kwenye kidole, paka polepole, suuza, kisha kausha kwa kitambaa laini cha kufutia miwani. Futa kwa mstari ulionyooka kutoka tundu la katikati kwenda ukingoni. Usizungushe. Njia ya data inazunguka, na mkwaruzo unaofuata mzunguko huo hula vipimo vingi mfululizo, ilhali mkwaruzo unaoikata njia hugusa kidogo tu kila raundi.

Kuwa mwangalifu zaidi na upande wa juu, ule wa maandishi. Watu wengi huogopa upande wa chini, kumbe huko kuna plastiki yenye unene wa zaidi ya milimita moja kabla ya kufika kwenye data. Upande wa juu kuna utando mwembamba wa vanishi tu. Kalamu ya bic iliyokandamizwa, stika iliyobanduliwa, kucha: hayo hung'oa data, na ikishang'oka hakuna fundi. Kama CD ina stika ya karatasi, iache palepale ilipo. Upande wa juu wa CD ya kuchomwa usiuloweshe. Pangusa vumbi tu.

Na dawa ya meno? Ndiyo, husugua mkwaruzo wa chini, nimeona ikisaidia. Lakini CD ikiwa moja tu duniani, hiyo ni hatua ya mwisho kabisa, baada ya kujaribu vifaa vingine vya kusomea. Mara nyingi tatizo si CD, ni kifaa.

Kifaa hicho hapa tunakiita lekteri; ndugu zetu wa Dar es Salaam na Nairobi husema draivu. Ukiweza, pata mbili, za kampuni mbili tofauti. Zile nyembamba za nje za USB ni rahisi kuzipata, ila zinataka umeme wa kutosha: tumia kebo fupi, iingize moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kigawanyio. Draivu kubwa zilizomo katika kompyuta kuukuu za mezani mara nyingi husoma vizuri zaidi, na mafundi wengi wanazo kwenye boksi la vyuma chakavu. Usiidharau draivu ya zamani kwa sababu ya sura yake. Iliyoiokoa CD ya Katuba ilikuwa imekwisha kuwa ya njano.

Kompyuta iwe ya mkononi yenye betri inayoshika, au ya mezani yenye onduleri (UPS). CD mbovu inaweza kuchukua saa nzima au zaidi, na umeme ukikatika katikati unaanza upya, ukiizungusha CD dhaifu mara ya pili bila sababu.

Kwa Windows, programu ninayoitumia ni Exact Audio Copy ya Andre Wiethoff wa Ujerumani. Ni ya bure kwa matumizi ya nyumbani. Wenye Linux wana whipper, wenye Mac wana XLD. Zote zina tabia moja iliyo muhimu: haziiamini draivu. Exact Audio Copy ikiwa katika hali ya usalama husoma kila kipande mara mbili. Majibu hayo mawili yakitofautiana, inarudia mara 16 na kungoja yapatikane majibu manane yanayofanana. Yasipopatikana inarudia tena fungu hilo, hadi mara tano kwa mpangilio wa juu. Kipande kibaya kinaweza kusomwa mara 82. Ndiyo sababu ya ile saa nzima.

Mipangilio minne inatosha. Chagua hali ya usalama. Ieleze programu kwamba draivu yako inaweka sauti kwenye kumbukumbu yake ya muda, kwa sababu draivu nyingi hufanya hivyo: ukiziomba zisome mara ya pili, hazirudi kwenye CD, zinakurudishia jibu la kwanza, na wewe unafikiri umepata mashahidi wawili kumbe ni mmoja aliyesema mara mbili. Zima kila kitu kinachobadilisha sauti, yaani kusawazisha ukubwa wa sauti na kukata ukimya wa mwanzo na mwisho. Na rekebisha mwanzo wa kusoma.

Hili la mwisho linahitaji maelezo. Kila modeli ya draivu huanza kusoma kabla au baada ya pale panapotakiwa, kwa idadi ileile ya vipimo kila siku. Kuna za 6, za 103, za 667. Vipimo 667 ni kama sehemu 15 za elfu moja za sekunde, hakuna anayesikia. Lakini usiporekebisha, draivu mbili zitakupa mafaili yasiyolingana hata kama zote zimesoma sawasawa, na ushahidi wako wote utaharibika. Dawa yake ni kuazima CD yenye ndugu wengi, ya kiwandani, kama Emotion ya Papa Wemba ya mwaka 1995 iliyouzwa dunia nzima. Iweke kwenye draivu kompyuta ikiwa na intaneti. Ikiwa CD hiyo imo katika AccurateRip, ile hifadhi ya intaneti niliyoitaja mwanzoni, programu itaipima draivu yako yenyewe na kuandika namba. Unafanya mara moja tu kwa kila draivu. Baada ya hapo huhitaji tena megabaiti za kununua.

Sasa kazi yenyewe. Usichague amri ya kunakili tu. Chagua ile ya kujaribu na kunakili: programu inasoma wimbo mzima, inaukokotolea namba ya CRC, herufi na tarakimu nane kama alama ya kidole, kisha inasoma wimbo wote upya na kukokotoa tena. Kipimo kimoja tu kikibadilika, alama inabadilika kabisa. Mwishoni hifadhi ripoti, ile ya maandishi, pamoja na nyimbo. Usiitupe; ndiyo cheti cha kazi yako.

Nyimbo saba za CD ya Katuba zilitoa alama zilezile mara mbili. Wa tatu ulikataa. Taa nyekundu za programu ziliwaka zote, dakika zikapita, na alama ya pili haikufanana na ya kwanza, wala ya tatu na ya pili. Niliitoa, nikaiosha upande wa chini, nikaiacha ikauke usiku kucha, nikapunguza kasi hadi ya chini kabisa. Bado. Ndipo nikaiingiza kwenye ile draivu ya njano. Wimbo wa tatu ulichukua dakika karibu arobaini, na alama mbili zikalingana. Kesho yake nikarudia tangu mwanzo kompyuta ikiwa imezimwa na kuwashwa: alama ileile. Kisha nikanakili nyimbo saba zilizobaki kwenye draivu hiyo nyingine, nikazilinganisha na za draivu ya kwanza. Zote saba zililingana.

Hapo ndipo ninaposema nina ushahidi. Draivu moja kukubaliana na nafsi yake haitoshi, maana inaweza kukisia kwa namna ileile kila siku. Draivu mbili za viwanda tofauti kukosea kipimo kilekile kwa namna ileile ni jambo gumu sana kutokea. Kwa wimbo wa tatu shahidi nilikuwa naye mmoja aliyesema kitu kimoja kwa siku mbili, na hivyo ndivyo nilivyoandika katika ripoti, bila kuongeza.

Nilipousikiliza, milio miwili kati ya mitatu ilikuwa imetoweka. Mmoja ulibaki. Ripoti haikuonyesha kosa lolote mahali pale, na hata draivu ya kwanza, katika kusoma kwake kote kulikovurugika, iliuweka mlio ule palepale. Maana yake ni kwamba mlio huo umo ndani ya rekodi: huenda ulitokea siku ile studio, waya ukiguswa au kinasa sauti kikigongwa. Niliuacha. Ukitaka kuuondoa kwa ajili ya kusikiliza, fanya nakala ya pili na uihariri hiyo. Nakala ya kuhifadhi isiguswe.

Kuna CD za zamani zinazokupa shahidi wa ziada bila wewe kumtafuta. Muziki wa magitaa wa Katanga, ule Hugh Tracey alioukusanya miaka ya 1950, pamoja na ule wa mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco aliyemkuta Jadotville (Likasi ya leo) mwaka 1952, ulirekodiwa kwa mono. Kampuni ya SWP ya Uholanzi imetoa CD za rekodi hizo, na familia nyingi hapa zina nakala za kuchomwa za rekodi kama hizo. Kwenye CD ya mono kamili, upande wa kushoto na wa kulia ni kitu kimoja. Fungua wimbo kwenye Audacity, tenganisha pande mbili, zifanye zote kuwa mono, pindua mmoja juu chini, kisha zichanganye. Kama zinafanana, unabaki na mstari mtupu, ukimya. Kosa la kusoma mara nyingi hugusa upande mmoja tofauti na mwingine, kwa hiyo litajitokeza kama mwiba juu ya mstari ule, na utajua hata sekunde lilipo. Ukisikia mnong'ono wa muziki badala ya ukimya, basi pande hizo hazikuhamishwa sawasawa tangu mwanzo na mbinu hii haikufai.

Jambo jingine la kuangalia ni kama CD yenyewe ilitengenezwa kutoka MP3. Studio nyingi za mtaani zilifanya hivyo. Programu ndogo ya bure iitwayo Spek hukuchorea picha ya wimbo. Ukiona sauti yote imekatwa kama kwa panga kwenye kilohezi 16, karibu hakika ilipitia MP3 dhaifu. Nakili tu kwa uangalifu uleule, kwa kuwa huenda hakuna kingine kilichobaki, ila andika hivyo kwenye maelezo ili mtu wa kesho asidhani ana nakala ya asili.

Hifadhi kwa FLAC. Inapunguza ukubwa bila kutupa kipimo hata kimoja. CD ya saa moja, ambayo ni megabaiti 635, kwa kawaida hushuka hadi nusu au theluthi mbili, na ya mono hushuka zaidi, usishtuke. Flashi ya gigabaiti 64 hubeba zaidi ya CD 150. FLAC ina pia alama ya sauti ndani yake, kwa hiyo hata baada ya miaka unaweza kuiambia programu ijikague na ikueleze kama faili limeharibika. Nakala ya kutuma kwa WhatsApp itoe kwenye FLAC, si kinyume chake. Weka nakala tatu, na moja isikae Lubumbashi. Yangu iko Likasi kwa yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa. Wenye muziki waulize kabla hujausambaza. CD yenyewe irudishe kwa mwenyewe au uitunze gizani, ikiwa imesimama. Kesho panaweza kupatikana draivu bora kuliko yako.

Yanabaki majina. Miongozo ya zamani itakuambia uyachukue freedb. Hifadhi hiyo ilifungwa mwaka 2020. MusicBrainz ni nzuri kwa CD za kiwandani. Kwa CD isiyo na ndugu, usikubali jina lolote ambalo kompyuta inakuletea: inatambua CD kwa urefu wa nyimbo, na nimewahi kuletewa majina ya mwimbaji wa Ulaya kwa CD ya wachezaji karindula. Andika mwenyewe, kwa tahajia moja. Mwenda Jean Bosco, Jean-Bosco Mwenda na Mwenda wa Bayeke ni mtu mmoja. Chagua jina moja na mengine uyaweke kwenye maelezo. Tenga mwaka wa kurekodi na mwaka wa CD. Mji uandike ulivyoitwa wakati ule na unavyoitwa leo, Jadotville na Likasi. Taja lugha ya kila wimbo, Kiswahili, Kibemba, Kisanga, Kiluba, maana hilo ndilo watafutaji watakalouliza kwanza.

Mama wa Katuba alipokuja kuchukua CD yake nilimchezea nyimbo zote nane nikiwa na daftari. Niliandika anayepiga ngoma, anayeanzisha, aliyetunga. Kwenye wimbo wa tatu, sauti ya pili ilipoingia bila zile tak mbili, alinyoosha kidole kuelekea spika na kutaja jina la dada yake. Nikaliandika, na mwaka aliofariki, na parokia aliyoimbia. Kisha akaniomba niurudishe nyuma, tuusikilize tena tangu mwanzo.